Tope la Wami, sumaku ya bakteria na mgonjwa wa Chalinze

Chalinze ni njia panda ya nchi. Hapa ndipo basi lililotoka Dar es Salaam linaponyoosha kwenda Morogoro, Dodoma na Mbeya, au kukata kulia kwenda Msata, Segera, Tanga, Moshi na Arusha. Abiria huchagua njia yake, lakini mgonjwa wa Chalinze hana la kuchagua. Mama anayefika hospitali ya wilaya pale Msoga na mtoto ambaye kichwa chake kinazidi kukua, au mzee ambaye kichwa kimemuuma tangu masika na sasa mkono umeanza kulegea, wote huelekezwa upande mmoja: Tumbi, Kibaha, na kutoka hapo Muhimbili au Taasisi ya Mifupa, MOI. Kabla ya dawa na kabla ya kisu, wanachokifuata huko ni picha. Daktari anataka kuona ndani ya fuvu, na jicho lake la kuaminika zaidi kwa kazi hiyo ni kipimo cha MRI.

Nataka kuizungumzia picha hiyo, na pia nataka kulizungumzia tope. Mambo haya mawili yanakutana katika sayansi inayokua kwa kasi Ulaya, Asia na Marekani, nasi hapa hatuisikii. Hoja yangu ni moja. Picha na tiba zinazotumia chembe ndogo mno za chuma chenye sumaku, zikiwemo zile zinazotengenezwa na bakteria wa kwenye tope, zinaelekea kufaa mahitaji ya wilaya kama Chalinze kuliko mashine nyingi tunazozisubiri kutoka nje. Kwa hiyo Tanzania iingie humo sasa, ikiwa mtafiti na mmiliki, isije ikaingia baadaye ikiwa mnunuzi wa mwisho kwenye foleni.

Nianze na bakteria wenyewe. Mwaka 1963, mtaalamu wa Kiitaliano, Salvatore Bellini wa Chuo Kikuu cha Pavia, aliona chini ya hadubini bakteria waliokuwa wakiogelea kwa pamoja kuelekea upande mmoja, kama walioamriwa. Maandishi yake hayakuenea. Mwaka 1975 mwanafunzi wa Kimarekani, Richard Blakemore, akiwa anachunguza tope la Woods Hole katika jimbo la Massachusetts, aliona jambo hilohilo. Akasogeza sumaku karibu na kioo cha hadubini, na bakteria wakageuka kuifuata. Alichokigundua kikachapishwa, dunia ikakubali kwamba kuna viumbe wa seli moja waliobeba dira mwilini.

Dira hiyo imetengenezwa kwa chuma. Bakteria hunyonya chuma kilichoyeyuka majini, akakiingiza katika vifuko vidogo vilivyokunjwa kutoka kwenye utando wake wa ndani, na ndani ya kila kifuko akakuza fuwele moja ya magnetaiti, madini yaleyale ya chuma yanayovutwa na sumaku. Kifuko pamoja na fuwele yake huitwa magnetosomu. Fuwele nyingi huwa na upana wa kati ya nanomita 35 na 120, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Bakteria hazitawanyi ovyo. Huzipanga kwenye uzi wa protini, moja nyuma ya nyingine, kama punje za tasbihi, ili nguvu zao ndogo ziungane na mwili mzima ugeuke kufuata usumaku wa dunia.

Kwa nini kiumbe mdogo hivyo ahitaji dira? Kwa sababu anapenda mahali penye oksijeni kidogo sana, na mahali hapo kwa kawaida pako chini, kwenye mpaka wa maji na tope. Mistari ya usumaku wa dunia haijalala sambamba na ardhi; huinama. Bakteria akiifuata hufika chini bila kupotea. Mwaka 1980 Blakemore na wenzake walichunguza tope la New Zealand na Tasmania, wakakuta kwamba bakteria wa kusini mwa dunia huogelea kuelekea kusini, kinyume cha ndugu zao wa kaskazini, kwa kuwa upande huu mistari huinama kinyume. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta ya usumaku.

Sasa mtu wa pwani afikirie delta ya Ruvu pale Bagamoyo, au mdomo wa Wami unapoingia baharini ndani ya Hifadhi ya Saadani baada ya kupita katika ardhi ya Chalinze. Maji yakitoka, tope la mikoko hubaki wazi, jeusi, likinuka yai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya salfa inayozaliwa mahali ambapo oksijeni imekwisha. Juu kidogo ya tope hilo kuna tabaka jembamba ambamo oksijeni inakaribia kuisha. Hayo ndiyo makazi wanayoyapenda bakteria wa sumaku, na watafiti wa Brazil na China wamewapata katika mazingira ya mikoko kama hayo. Tope letu linangoja mtu mwenye chupa, sumaku na hadubini.

Madaktari wanazitakia nini chembe hizo? La kwanza ni picha. Mashine ya MRI ya kawaida hospitalini ina sumaku yenye nguvu zaidi ya mara 30,000 ya usumaku wa dunia. Inasoma mwitikio wa haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Chembe ya chuma ikipenya kwenye uvimbe huvuruga uga wa sumaku uliouzunguka, na sehemu hiyo hujitokeza kwenye picha kwa giza lake. Uzuri wa magnetosomu ni kwamba fuwele zake ni safi, zinalingana ukubwa, na tayari zimevishwa utando wa mafuta na protini. Kwenye utando huo mtaalamu anaweza kupachika kitu cha kutambua seli za saratani. Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walichapisha kazi ambayo bakteria wenyewe walibadilishwa vinasaba ili watoe magnetosomu zilizokwisha kubeba kitambulisho hicho, na picha za ubongo wa panya zikaonyesha uvimbe kwa kiwango kidogo sana cha chuma.

La pili ni tiba ya joto. Chembe za chuma zikiwekwa ndani ya uvimbe, kisha mgonjwa akawekwa katika uga wa sumaku unaogeukageuka kwa kasi, chembe huota joto na kuzichoma seli za saratani kutoka ndani. Nchini Ujerumani kampuni ya MagForce ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2010 kwa tiba ya aina hiyo dhidi ya saratani kali ya ubongo, ikitumia chembe zilizotengenezwa kwa kemikali. Magnetosomu, kwa kuwa ni kubwa kidogo na zinashikilia usumaku wake daima, hutoa joto zaidi kwa kiasi kilekile cha chuma. Timu ya Edouard Alphandéry jijini Paris imeonyesha kwa panya kwamba uvimbe wa ubongo unaweza kutoweka kwa njia hiyo. La tatu ni usafirishaji wa dawa. Mwaka 2016 timu ya Sylvain Martel ya Montreal, Canada, iliwapa bakteria hai wa sumaku mizigo midogo ya dawa, ikawaongoza kwa sumaku hadi kwenye kiini cha uvimbe wa panya, mahali ambapo damu haifiki vizuri na dawa ya kawaida hushindwa kupenya.

Ni wajibu wangu kumweleza msomaji na upande wa pili. Kazi hizi za magnetosomu zimefanyika kwa wanyama wa maabara, na bado hakuna tiba ya magnetosomu inayotolewa kwa binadamu hospitalini kama dawa iliyoidhinishwa. Bakteria hawa hukua polepole, wanataka oksijeni ipimwe kwa uangalifu, na mavuno yao ni madogo. Utando wao una sumu ya bakteria ambayo ni lazima iondolewe kabla ya kumdunga mtu. Hata chembe za kemikali zilizokwisha kuruhusiwa zina hatari zake. Ferumoxytol, dawa ya chuma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo, na ambayo madaktari huitumia pia kwa picha za MRI, iliongezewa onyo kali mwaka 2015 kwa sababu wagonjwa wachache walipata mzio wa kutishia maisha. MagForce nayo, pamoja na kibali chake, iliomba kutangazwa mufilisi mwaka 2022. Sayansi nzuri inaweza kukosa soko, na anayeingia humu aingie akijua.

Pamoja na hayo, liko jambo moja lililotokea jirani yetu ambalo limenifanya niandike makala hii. Katika mji wa Mbarara, Uganda, mwaka 2022, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara wakiongozwa na Johnes Obungoloch, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha mashine ya MRI kwa mikono yao. Vipande vilifika ndani ya masanduku, nao wakaviunganisha palepale kwa siku 11. Mashine hiyo haina sumaku kubwa inayopozwa kwa heliamu, gesi ambayo kwetu ni ghali na ngumu kupatikana. Inatumia sumaku ndogondogo za kudumu zilizopangwa kwa hesabu kuzunguka mahali pa kuweka kichwa. Imekusudiwa watoto wenye vichwa vikubwa, walewale ambao mama zao hupanda basi kutoka Chalinze kwenda MOI.

Mashine ya sumaku dhaifu ina udhaifu wake: picha zake hazina ukali wa zile za mashine kubwa. Hapa ndipo chembe za chuma zinapoingia. Dawa ya kuangazia inayotumika sana leo, yenye madini ya gadolinia, hupata usumaku mdogo sana katika uga dhaifu. Chembe za chuma hazihitaji uga mkubwa, kwa kuwa hushika usumaku wa kutosha hata kwenye sumaku ndogo. Mwaka 2020 watafiti wa Australia na Marekani walionyesha kwa panya kwamba chembe hizo huonekana vizuri hata katika uga dhaifu mara mia kadhaa kuliko ule wa mashine ya kawaida ya hospitali. Walizotumia zilitoka kiwandani, si kwenye bakteria, lakini njia imeonekana. Mashine ya bei ndogo ikikutana na chembe nzuri ya chuma, hospitali ya wilaya inaweza kupata picha ambayo leo mtu anaifuata takribani kilomita 100 barabarani.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: tunahangaika na nanomita za nini, wakati zahanati za vijijini Miono na Mkange zina mahitaji ya kila siku ya dawa, maji na wauguzi? Mwanamke wa Chalinze mwenye saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, anahitaji kupimwa mapema kwenye kituo cha afya cha karibu, na kipimo hicho hakihitaji bakteria wa sumaku. Nakubaliana nao kabisa. Pesa ya dawa isiguswe. Lakini taifa lenye bajeti ya elimu ya juu, tume ya sayansi na vyuo vikuu linalipa watu ili wafikirie miaka 15 mbele. Umoja wa Afrika uliazimia Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na kwetu lengo hilo bado halijafikiwa. Tukiacha kutumia hata hicho kidogo kwa mambo makubwa, mjukuu wa mwanamke huyo atakuja kuikuta teknolojia imekwisha kukomaa kwingine, imewekewa hataza, na bei yake imepangwa na watu wasioijua Msoga iko wapi.

Wengine watasema pwani yetu haina uwezo wa sayansi ya kiwango hicho. Hawa nawapeleka Bagamoyo mjini. Pale, katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, watoto wa pwani hii walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009 katika nchi saba za Afrika. Mwaka 2014 kituo hichohicho kilifanya jaribio la chanjo ya PfSPZ, inayotumia vimelea vizima vya malaria vilivyodhoofishwa, na lilikuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya chanjo hiyo Afrika. Likafuata la chanjo ya R21, ambapo Bagamoyo chini ya Dkt. Ally Olotu ilikuwa mojawapo ya vituo vya jaribio kubwa la mwisho. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Wazazi wa Bagamoyo waliotia saini fomu za ridhaa, wauguzi waliopima joto usiku, na vijana wa maabara waliohesabu vimelea kwenye hadubini wana sehemu yao katika chanjo zinazookoa watoto wa bara zima. Watu wa namna hiyo hawawezi kushindwa na tope la mikoko.

Iko sababu nyingine ya kuharakisha, nayo ni haki. Mwaka 1992 wanasayansi wa Uingereza walichukua sampuli za vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Ziwa Bogoria. Kutokana na vijidudu hivyo kampuni ya Genencor ilitengeneza vimeng'enya vya viwandani, vikiwemo vya kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai mgawo, likisema hakuna ridhaa stahiki iliyotolewa. Kijidudu hakionekani kwa macho, hakipimwi kwenye mizani ya barabarani, na kinapita mpakani ndani ya kichupa kidogo. Ndiyo maana Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliwekwa, kwamba anayechukua rasilimali ya kibaiolojia ya nchi apate kwanza ridhaa na akubaliane jinsi ya kugawana manufaa. Itifaki hiyo humfaa zaidi mwenye kujua alicho nacho. Bakteria ambaye hatujamtafuta, hatujampa jina wala hatujamhifadhi, tutamdai vipi?

Napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, itenge fungu dogo la kuwasaka bakteria wa sumaku katika delta ya Ruvu, mdomo wa Wami, mikoko ya Zanzibar na maziwa ya magadi ya kaskazini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, kina watu wa kazi hiyo. Kuwakusanya hakuhitaji mitambo ya mabilioni: tope na maji yake huwekwa kwenye chupa, sumaku ya kawaida hubandikwa ubavuni juu kidogo ya tope, na baada ya muda tone lililokusanyika pale hutazamwa. Wanafunzi wa sekondari ya Lugoba wanaweza kuifanya hatua hiyo ya kwanza chini ya mwalimu wao. Watakaokwenda mtoni wafuatane na wavuvi na askari wa hifadhi, kwa sababu Wami una mamba na viboko.

Pili, bakteria watakaopatikana wahifadhiwe hapa nchini, katika benki yetu wenyewe ya vijidudu, na vinasaba vyao visomwe na vijana wetu. Sampuli itakayotoka nje itoke na mkataba. Tatu, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mafundi wa vifaa tiba wanaofundishwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, wapelekwe Mbarara wakajifunze kuunganisha MRI ya sumaku ndogo, warudi waunganishe ya kwetu, na hospitali ya Msoga iwe mojawapo ya mahali pa kuijaribu. Nne, wataalamu wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Muhimbili na MOI waketi na watu wa bakteria tangu siku ya kwanza, wawaeleze ni uvimbe upi hauonekani na ni mgonjwa yupi hufika akiwa amechelewa. Utafiti usiomjua mgonjwa wake huishia kwenye kabati.

Chalinze inajua tofauti ya kuuza mali ghafi na kuuza kilichotengenezwa. Mananasi ya Kiwangwa yaliuzwa barabarani miaka mingi kabla ya kiwanda cha matunda kujengwa Mboga, na udongo wa eneo hili haukuwa na bei mpaka kiwanda cha vigae kiliposimama pale Pingo. Tope la mikoko linaweza kuwa na thamani ya juu kuliko vyote hivyo, au lisiwe nayo. Jibu litapatikana maabara, na maabara hiyo iwe ya kwetu.

Rais mstaafu Jakaya Kikwete ni mwana wa Msoga, na mwaka 2016 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni vigumu kupata mtu mwingine anayeijua hospitali ya wilaya ile na chuo kile kwa pamoja namna hiyo. Namwomba, kwa heshima, aliweke suala hili mezani. Nawaomba madiwani wa Chalinze na Bagamoyo waulize kwenye vikao vyao mito na mikoko yao imefanyiwa utafiti gani, na nani, kwa kibali kipi. Nawe mzazi mwenye kijana anayesoma baiolojia au fizikia, mwambie kwamba kazi ya maana inamngoja nyumbani, kwenye tope la Wami, na wagonjwa wa wilaya yake ndio watakaonufaika nayo kwanza.